Eda Iliyokwisha Kabla ya Matanga

Mwalimu wangu Hemedi,

Nakuandikia wewe uliyekufa, na kabla ya salamu nataka neno hilo likae hapa juu, lionekane. Umekufa. Mkuu wa shule anasema umeacha kazi. Vijana wa miwani nyeusi waliokuchukua wanasema umekimbilia Nairobi na huko unakula vizuri pamoja na maadui wa nchi. Jirani yako wa mkono wa kushoto, uliyemfundishia watoto wake wote hesabu, anasema "tumwachie Mungu" kisha anafunga dirisha. Kila mtu ana jina lake la yaliyokupata, ila hilo moja la kweli hawalitamki. Basi mimi Atim, binti wa sajini, yule uliyezoea kumwita binti wa kambini, nakuandikia barua kama watu wanavyomwandikia marehemu. Anayetaka kunibishia aje anioneshe ulipo.

Nilitaka kuanza kwa kukulilia. Nimejaribu mara nyingi, lakini kila nikishika kalamu hasira inatangulia, na machozi yakija yanakuta nafasi imekwisha. Utanivumilia. Ulinivumilia nilipokuwa mwanafunzi wako nikikosea sehemu za desimali, ukanivumilia nilipokuwa mwalimu mwenzako nikichelewa vipindi, nivumilie na leo.

Unakumbuka kitabu kilivyotufikia. Mwalimu wetu wa jiografia, Mhindi, alipoamriwa kuondoka nchini pamoja na Wahindi wenzake, alikupitia nyumbani Kasubi na mfuko wa kitambaa, akasema vitu vyake vyote vitapekuliwa njiani ila hiki hakuna askari atakayekitamani. Ndani mlikuwa na picha za vibao vya mbao kutoka Rapa Nui, kisiwa kidogo kilicho peke yake katikati ya bahari ile kubwa ambayo ramani ya ukutani huikata vipande viwili. Vibao vimejaa alama ndogondogo: watu wenye vichwa vya ndege, samaki, mimea, miezi. Waliojua kuzisoma walichukuliwa utumwani, wengine wakamalizwa na maradhi, na leo hakuna mtu duniani anayezisoma. Nilipoziona nilikwambia, "Mwalimu, hata sukari hatuna, tutafanya nini na maandishi ya watu waliokufa?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema hesabu haimsubiri mtu apate sukari.

Kibao kimoja kina mstari wa miezi midogo iliyopangwa mmoja baada ya mwingine, na wataalamu walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba pale pana hesabu ya mwezi. Ubishi ulikuwa juu ya jinsi inavyokwenda. Kitabu chetu kiliisoma kama kalenda ya ukutani, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hesabu ilipokataa kufika mwisho vizuri kikasema aliyechonga alikosea. Hapo ndipo ulipokasirika, hasira yako ile ya kuvua miwani na kuifuta kwa ncha ya kanzu. Ulisema hawa hawajawahi kusimama nje magharibi, mwisho wa mwezi wa Mlisho, wakigombana na mashemeji kama mwezi wa Ramadhani umeandama au haukuandama. Ulisema mwezi haupangwi, mwezi hutazamwa; ukionekana umeanza, usipoonekana unakamilisha thelathini, na aliyechonga kibao kile alilijua hilo. Kile kikundi cha alama kinachorudi baada ya kila miezi michache, na yule samaki anayening'inia, kichwa juu mwanzoni na kichwa chini baadaye, ulisema hizo si siku. Ni maagizo. Hapa simama utazame, hapa mwezi unakua, hapa umeanza kuzeeka, hapa ukiona hivi ongeza usiku mmoja. Sijui kama ulikuwa sahihi. Najua tu kwamba tangu jioni ile hesabu yetu iliacha kugoma.

Na ule ubishi wa mwezi kulala! Kwenye kibao mwezi mchanga umesimama wima, na hapa kwetu unalala chali. Ulilitoa darasa zima uwanjani jioni moja, ukawaambia watoto wauchore walivyouona, wakauchora kama bakuli. Ukasema sisi wa ikweta tuna bahati, hatuna mwezi wa kushoto wala wa kulia, kwa hiyo hatuna haki ya kutazama mchoro na kukimbilia kusema huu mchanga, huu mzee. Lazima tuulize kwanza: umeonekana wakati gani, upande gani wa mbingu? Uliwafanya waimbe swali hilo kama jedwali la kuzidisha. Baada ya hapo ukabandika karatasi za manila ukutani, mistari yote ya kibao ikachorwa kwa ukubwa wa mkono, na kwa kuwa kila mstari wa pili umepinduliwa miguu juu, watoto walikuwa wakiinamisha vichwa mpaka chini kuusoma. Wakubwa wa shule walipita, wakatikisa vichwa, wakaenda zao.

Sijui nani alipeleka habari. Nimewachunguza walimu wote kwa macho mpaka nimechoka.

Walikuja mchana, katikati ya kipindi, nami nilikuwa nikifundisha darasa la mkabala, dirisha langu likitazamana na lako. Mmoja aling'oa karatasi ukutani, akaitazama, akaipindua, akaipindua tena, maana kweli kila ukiipindua kuna mstari unaosimama sawa. Akauliza, "Hii kitu ni nini?" Mwalimu, ungesema mapambo. Ungesema ni michoro ya vitambaa, au kazi za watoto. Ukasema kalenda! "Karenda ya nini? Nani nakuja hiyo siku? Sema kweri." Nawe, Mungu akurehemu, ukaanza kumfundisha. Ukamwonesha samaki. Ukamwambia hapa ndipo wanaposubiri, na hapa ndipo wanapoongeza usiku. Nilikuona kwa macho yangu, ulikuwa unafurahi kwamba mtu ameuliza swali. Hata wewe nakukasirikia kwa hilo, na nitakukasirikia mpaka niingie kaburini. Wakatoka nawe, karatasi zikiwa zimekunjwa kwapani kwa yule mmoja kama ushahidi, wakakutia kwenye buti la gari mbele ya watoto wa kidato cha kwanza.

Na maneno yote yale, pamoja na matusi waliyokutukana, yalikuwa ya Kiswahili. Hilo nalo linanichoma. Wewe ulikuwa Mswahili wa Kasubi. Babu yako alikuja na misafara kutoka Pangani, akaoa hapa, na nyumbani kwenu hamkuwahi kuzungumza lugha nyingine mezani. Mimi nilikipata Kiswahili katika kambi ya polisi, baba Mkatoliki wa Kitgum, mama Mnubi Mwislamu wa Bombo, nikakuletea kile cha "wewe nakwenda wapi". Ulinisahihisha bila kunicheka, au ulinicheka kidogo tu. Katika mji huu watu wakisikia Kiswahili barabarani huangalia pa kukimbilia, nao hawana kosa. Ila nikisikia mtu anasema ni lugha ya bunduki natamani nimkamate shati nimweleze ilikuwa lugha ya nani kabla ya hao.

Asubuhi iliyofuata mkuu wa shule alisimama mbele ya paredi akatangaza kwamba Mwalimu Hemedi ameacha kazi kwa sababu zake binafsi. Binafsi! Watoto waliokuona ukifungiwa kwenye buti walisimama kwenye jua wakaambiwa binafsi. Sisi walimu tulitazama viatu vyetu, na mimi nilikuwamo. Kabla ya juma kwisha ukuta wa darasa lako ulipakwa chokaa, eti shule inafanyiwa usafi, shule ambayo choo chake hakijapata mlango tangu nianze kusoma pale.

Mkeo je? Bi Rukia alikusubiri. Kila siku alipika na kukufunikia chakula chako kwa kawa, na asubuhi yake akakila yeye, akasema si vizuri kutupa. Alikwenda kwenye kambi zote ambako mwanamke anaweza kwenda na kurudi, akajibiwa Nairobi. Akaenda kwa imamu wa msikiti wenu, akamuuliza swali moja tu: mimi ni mke au ni mjane? Hakutaka msaada mwingine. Alitaka kujua akae vipi nyumbani kwake. Imamu akamjibu kwamba mke wa aliyepotea husubiri, na husubiri miaka. Ili mtu aitwe marehemu lazima wapatikane mashahidi wawili waadilifu walioona. Wawili! Watoke wapi, Mwalimu? Waliokuwa karibu ya kuona wamezikwa au ndio waliofanya. Akasema, "Tumsubiri, mama, huenda akarudi," huku akitazama mlango kuona kama kuna mtu anayesikiliza.

Ndivyo ilivyopita Ramadhani. Ndivyo ilivyopita Idd, na Idd ya pili, na mwaka mpya wa Kiislamu. Siku ya Idd alijipaka hina, mikono na miguu, kwa sababu wewe uliipenda hina yake na huenda ungerudi siku hiyo. Mimi nilikuwa pale nikimshikia bakuli. Likumbuke hilo la hina, maana ndilo lililonitia wazimu baadaye.

Kisha, baada tu ya Ashura, siku ya kumi ya Mfungo Nne, alikuja Kasule. Humjui kwa jina la ukoo labda, lakini unamjua. Ni fundi cherehani wa soko la Owino mliyelala naye selo moja. Kosa lake lilikuwa suruali ya afande aliyoishona ikapasuka afande akiwa anacheza dansi mbele ya wageni. Walimtia ndani kwa suruali, wakamsahau, wakamkumbuka, wakamtoa. Alinitafuta nyumbani kwangu Ntinda kwa sababu wewe ulimwachia jina langu. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai, akaniita bibi kwa Kiganda: "Nyabo, mwarimu aritugawia siku. Kira mutu na siku yake."

Akanieleza. Kumbe selo ile ilikuwa na tundu la hewa juu, likitazama upande jua linakotokea, na wewe ulikuwa ukisimama juu ya mgongo wa mwenzako alfajiri kuutafuta mwezi. Watu walikuwa wamepoteza hesabu ya siku, wengine wanaanza kupotelewa na akili. Ukawaambia kule kisiwani kila usiku wa mwezi una jina lake, basi na wao watakuwa na majina. Usiku huu ni wa dereva, huu wa mwalimu wa dini, huu wa kijana wa posta. Kila mtu usiku wake ukifika hupewa pahala pazuri pa kulala karibu na tundu, na wengine wanamuuliza habari za kwao. Usiku ule ambao mwezi hauonekani kabisa ulijichukulia wewe mwenyewe, ukasema mwalimu wa hesabu ndiye wa kupewa sifuri. Kasule alipata usiku unaoutangulia huo. "Yangu iko ire mwezi nalala, nyembamba kama uzi. Kisha hakuna tena."

Wakakutoa alfajiri ya usiku wake. Ndiyo maana hawezi kuusahau. Kulipopambazuka walimtoa yeye na wengine wawili wapakie maiti kwenye lori, na wewe ulikuwa wa kwanza kumshika. Hao wawili hawako tena. Hakunificha namna ulivyokuwa na mimi sitaiandika hapa. Wewe unaijua, na Bi Rukia huenda barua hii akaisoma. Alikufumba macho. Alikufunika kwa shati lake.

Nilimuuliza swali lako: mwezi ule ulionekana wakati gani, upande gani? Alfajiri, upande wa jua. Basi ni mzee, ni mwisho wa mwezi. Na baada ya hapo? Giza, siku mbili, halafu walinzi wengine, wale Waislamu, wakaanza kufunga. Nilichukua karatasi ya mtihani wa zamani nikachora nyuma yake miezi midogo kama ile ya kibao chetu, nikamgeuza samaki kichwa chini, nikaweka kidole. Mwisho wa Mlisho, siku mbili kabla ya mwandamo wa Ramadhani. Hesabu ilikuwa safi. Nilifurahi, Mwalimu. Niliruka kitini. Hebu niambie, ni nchi gani hii inayomfanya mtu aruke kwa furaha kwa sababu amepata siku mwalimu wake aliyouawa?

Kesho yake nilimpeleka Kasule Kasubi. Bi Rukia alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na alipomaliza alimuuliza kitu kimoja tu, kama ulikuwa umesitiriwa. Kasule akamwambia la shati. Bi Rukia akaenda ndani, akarudi na kanzu yako moja, akampa. Halafu akamtuma mtu amwite imamu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilijua atasema shahidi ni mmoja, tena harufu ya jela bado haijamtoka. Kwa hiyo alipokaa tu nilianza mimi, na kwa majivuno yangu yote nikamtajia siku, nikamweleza ya mwezi mzee na ya giza na ya walinzi kufunga. Sikuijua sheria yenu ilivyo, mimi mtoto wa dini mbili. Nilimwona anahesabu kwenye viungo vya vidole, midomo ikitikisika: Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, na hizi siku za Mfungo Nne. Uso wake ukafunguka kabisa. Nilidhani ni huruma.

Akasema, "Alhamdulillahi, Bi Rukia. Basi eda yako imekwisha juzi."

Akatueleza kwa sauti nzuri ya darsani. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na huanza siku mume alipokufa, si siku habari ilipofika. Siku zimekwisha kupita, kwa hiyo hakuna deni. Hana haja ya kukaa ndani, hana haja ya kuvaa nguo za eda, na kwa kuwa mambo yamekwisha zamani hakuna haja ya kukusanya watu kwa matanga. Dua tutasoma kila mtu kimya kimya nyumbani kwake. Miezi yote ile alikuwa akidai mashahidi wawili ili asikiri kwamba umekufa. Leo kwa kuwa kifo chako kimekuja kikiwa kimejimaliza chenyewe, hakitaki mkeka barazani wala msomaji wala mtu wa kuuliza nani kamuua, ghafla shahidi mmoja akatosha! Hata hakumuuliza Kasule jina la baba yake.

Na Bi Rukia alikuwa hapo, akihesabu yeye mwenyewe. Nilimwona. Miezi ile aliyokuwa akikupikia alikuwa edani bila kujua. Alipokwenda sokoni alikuwa edani. Alipocheka siku mtoto wa jirani alipoanguka na beseni, alikuwa edani. Alipojipaka hina ili akupendeze, mimi nikimshikia bakuli, wewe ulikuwa umekwisha kutupwa kusikojulikana, na yeye alikuwa mjane aliyejipamba. Walimwibia mume. Wakamwibia maiti yake. Na juu ya hayo wakaichukua eda yenyewe, wakaitumia yote, wakamrudishia ikiwa tupu. Na mimi na kidole changu juu ya karatasi ndiye niliyemletea habari hiyo, nikitabasamu. Nilitaka ardhi inimeze.

Bi Rukia akasema, na nakuandikia kama alivyosema, "Sheria imenisamehe, Sheikh, naishukuru. Mimi sijawasamehe." Akavua herini zake pale pale, akaziweka juu ya meza. Akaniambia, "Usilie, mwanangu. Sikuwa na siku, wewe umenipa." Akaenda kuoga. Alirudi amevaa nyeupe kichwa mpaka miguu, akakunjua mkeka chumba cha mbele, akakaa, akaniamuru nifungue mlango wa barabarani pande zote mbili, niweke na mawe usijifunge. Akasema anaanza leo, na atakaa miezi yake minne na siku zake kumi, na kama ni kosa mwanamke kukaa nyumbani kwake mwenyewe basi aje mtu amweleze ni kosa la namna gani. Imamu aliondoka kwa haraka hivi kwamba alivaa ndara zangu. Sijarudishiwa.

Siku ya kwanza hakuingia mtu. Walipita barabarani wakitazama mbele kabisa. Siku ya pili mke wa jirani yako wa kushoto, yule wa madirisha, alikuja na birika la chai ya rangi, akakaa mkekani. Baada yake akaja mwingine, kisha Waganda wa upande wa pili wa barabara, Wakristo, na wao wakavua viatu wakakaa. Kila anayeingia huuliza kwa adabu nani amefariki, ingawa wote wanajua, na Bi Rukia humjibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje: mume wangu, Hemedi, mwalimu. Mwisho wa Mlisho. Sijawahi kuona swali la adabu likiwa zito namna ile. Wengine hutoka hapo wamenyooka kidogo migongo.

Juzi walikuja. Gari lile lile, au ndugu yake. Wanawake walikuwa mkekani, na mimi nilikuwa kando ya mlango na sufuria ya maji. Kijana mmoja akasimama kizingitini na miwani yake, akauliza, "Hapa nani nakufa?" Bi Rukia akamtajia jina lako lote na jina la baba yako. Kijana akasema, "Bwana yako hakufa. Iko Nairobi." Mwalimu, mkeo hakuinuka, wala hakupandisha sauti. Akamwambia, "Vizuri. Basi nendeni mkamlete. Siku mtakayomsimamisha hapo ulipo wewe, nitavua nguo hizi."

Yule kijana alitazama nguo nyeupe, akatazama wanawake wote wale. Ningependa kukwambia aliona haya, lakini sikuona haya yoyote. Akapiga teke jiwe la mlangoni, likaviringika mpaka barabarani, wakaondoka. Nililifuata jiwe nikalirudisha mahali pake. Lilinianguka mguuni, na bado nachechemea ninapokuandikia. Huenda watarudi. Tunajua wanaweza kurudi. Sisi si wajinga. Lakini sasa wakitaka kusema hukufa itabidi wakulete, na hilo ndilo jambo moja ambalo serikali yote hii na bunduki zake haiwezi kulifanya.

Nakuaga hapa, kwa kuwa karatasi inakwisha na maji ya kutawadhia ya mama zangu hawa yanachemka. Sijui umelala wapi. Nimezoea kukusalimu nikipita popote penye mto au msitu, kwa sababu watu wanasema ni huko wanakowapeleka, kwa hiyo ukiwa kwingine nisamehe. Ahadi yangu ni hii. Nimeanza kukichora upya kibao kutoka kwenye kitabu, mstari kwa mstari, na ule wa miezi nitaufikisha mwisho. Nitaeleza jinsi ulivyousoma, kwamba ni maagizo ya watu wanaotazama mbingu, na kama umekosea nitasema umekosea, maana ungeniadhibu nisiposema. Nitaupeleka nje ya nchi kwa mkono wa mtu nitakayemwamini. Juu yake nitaandika jina lako lote, na mbele ya jina nitaweka neno marehemu, kwa herufi kubwa.

Pumzika, Mwalimu. Mkeo ni mjane, na kila anayepita barabarani anamwona.

Mwanafunzi wako,
Atim